Mashine Iliyoitwa Maduhu

Kijana aliyerithi kiti changu alinipigia simu juzi kuniuliza programu inayoitwa "mpya_mpya_sasa" inafanya kazi gani. Nikamjibu sijui, maana aliyeipa jina hilo ni yeye mwenyewe, wiki ile aliyoripoti, mimi nikiwa bado sijakabidhi funguo. Akacheka, akaniomba niandike mambo ya zamani ili naye na wenzake wajifunze. Basi nimekaa kibarazani kwangu hapa Nsemulwa, Mpanda mjini, miwani puani, naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi. Mshahara nao nyie mnaupokea, mnaujua ulivyo.

Niliingia kwenye mradi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa opereta wa redio koli. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani ofisini watu hukaa. Nikapokelewa na fundi wetu, Bwana Deogratias, Mpimbwe mmoja mwenye kikohozi cha sigara na rozari mfukoni, akanikabidhi birika la maji ya moto na mswaki mzee. Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kusugua kutu kwenye vichwa vya betri ya gari. Viatu vile niliviacha chini ya meza, na nadhani panya ndio waliovimaliza.

Deo, kama tulivyomwita akiwa hayupo, alinifundisha kila kitu ninachokijua. Alinifundisha kuusikia mlingoti wa redio ukiwa umelegea kwa jinsi sauti inavyokwaruza, na kuzungumza taratibu, neno moja baada ya jingine, kwa kuwa mtu wa upande wa pili ana mvua juu ya bati. Alichukia sana maneno ya kivivu. Opereta akisema "kile kitu cha jana tumepata", Deo alizima redio yake na kwenda kuvuta sigara. Alisema atarudi mtu akishakumbuka kitu chenyewe ni nini.

Lakini redio ni redio. Kituo cha Usevya kiliwahi kuomba chanjo ya ng'ombe kikaletewa ya kuku, tena nyingi, na gari lililoileta lilikuwa limekwama njiani mpaka dereva akazoeana na kijiji kizima. Mkuu wetu akachoka. Akatangaza kwamba siku kompyuta zikifika, hakuna chanjo itakayotoka kwa maneno ya mdomo. Agizo liandikwe, lipite kwenye mashine, ndipo friji lifunguliwe.

Zikafika kweli, katikati ya muongo ule, kwa treni, zimeviringishwa kwenye magodoro pamoja na mhandisi kutoka Dar aliyekuwa na hali mbaya kuliko mizigo yake. Nisimseme vibaya. Alikuwa kijana mwenye akili na subira, na mfumo alioutengeneza ulifanya kazi muda mrefu kuliko baadhi ya ndoa ninazozijua. Aliikata kazi moja vipande vitatu, kila kipande akakiweka kwenye mashine yake, na mashine zikawa zinaongea kwa redio. Ya Mpanda mjini ilipokea taarifa za kila siku. Ya Usevya ilipitisha ujumbe wa vituo vya mbali. Ya Kasokola, iliyokaa chumba kimoja na friji la mafuta ya taa, iligawa chanjo. Vituo vidogo, kama Mwamkulu, vilikuwa na mashine ya kuandikia tu. Unaandika jina la mashine unayoitaka, unaandika ujumbe wako, unabonyeza, halafu redio inalia kama kuku anayekabwa. Ikinyamaza, ujue umefika.

Tatizo lilikuwa majina. Mhandisi alikuwa ameziita QSV1, RLY2 na ALC1, naye aliyaelewa kabisa kwa sababu ndiye aliyeyazaa. Sisi tulituma hesabu ya ndama waliozaliwa kwa mashine ya chanjo, ikakataa. Tukatuma maombi ya chanjo kwa mashine ya taarifa, ikayapokea vizuri na kuyahifadhi milele. Kabla hajaondoka, mhandisi akatuongezea kikapu kimoja cha akiba pale mjini, kinaitwa Mengineyo. Ujumbe wenye jina lisilojulikana haukupotea, uliangukia humo, na tuliagizwa tuwe tunakifungua kila Ijumaa. Nadhani tulikifungua Ijumaa ile aliyokuwa bado yupo.

Mkuu akaitisha kikao tuchague majina yetu wenyewe. Mimi nimekaa kwenye vikao vya bajeti na vya nidhamu, lakini sijaona kikao kikali kama kile. Kwanza ilipendekezwa wanyama wa mbugani. Kila kituo kikataka Simba, na hakuna aliyekubali kuendesha mashine iitwayo Ngiri. Deo akaleta watakatifu. Mtunza stoo wetu, ambaye ni Mwislamu, akauliza kwa upole kama na yeye ataruhusiwa kuleta wa kwake, tukahamia ajenda inayofuata. Ndipo Deo akasema tuwape heshima watu waliotusaidia, watu ambao kila mmoja wetu anawajua kwa sura. Hoja ikapita kwa makofi, na mengine yalikuwa yangu.

Mashine ya mjini, inayopokea kila kitu bila kuchoka, tukaiita Bibi Tatu, jina la mama aliyetuuzia chai na chapati pembeni ya ofisi na ambaye habari zote za Mpanda zilipitia kwake kabla hazijafika kwa mkuu wa wilaya. Ya Usevya ikaitwa Pius, katekista aliyetupa kiwanja cha mlingoti. Ya Kasokola, yenye chanjo, ikaitwa Maduhu. Mzee Maduhu alikuwa mfugaji wa Mwamkulu, Msukuma aliyeingia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Wakati wenzake wote wanaapa kwamba sindano zetu zinaua mifugo, yeye alitangulia kuleta zizi lake zima, akasimama pale mpaka wa mwisho akachomwa. Mhandisi tulimpigia simu. Akasema jina ni lebo tu, kompyuta haijali.

Ni kweli, kompyuta haikujali. Bibi Tatu alijali, akatunywesha chai ya bure wiki nzima. Mzee Maduhu alituletea mbuzi, na kila soko alilokwenda aliwaeleza watu kwamba yeye yuko ndani ya mashine ya serikali na anagawa chanjo. Katekista Pius alifurahi mpaka siku mashine yake ilipozimika, nami nikatangaza kwa redio ya wazi kwamba Pius amekufa tangu asubuhi na hatujui kama atafufuka. Waumini wake walianza kuchanga kuni. Alikuja mjini mwenyewe kwa baiskeli kunionyesha kwamba anapumua. Tulicheka sana siku zile, na hatukuona kwamba tulikuwa tumepanda kitu kibaya.

Baada ya muda opereta wa Mwamkulu alihama, tukampata Kulwa. Alikuwa binti wa Kisukuma, mpole, mwenye mwandiko safi, ameolewa palepale Mwamkulu. Deo alimfundisha, akarudi akisema huyu ataturithi sote. Kila asubuhi taarifa zake zilimfikia Bibi Tatu bila kosa, hata koma zilikuwa mahali pake. Kuagiza chanjo hakukuhitajika miezi hiyo, maana ng'ombe walikuwa wazima.

Halafu zikaja mvua zile kubwa, na nyuma yake chambavu. Kwa wasioujua, ni ugonjwa unaovimbisha paja la ng'ombe mchanga. Leo anachechemea, kesho unamchuna. Kasokola walikuwa na chanjo ya kutosha, vituo vikaagiza, vikapata. Mwamkulu peke yake hawakuagiza. Tulidhani ugonjwa haujafika huko, tukashukuru Mungu, tukaendelea na chai.

Aliyetuamsha ni Mzee Maduhu. Aliingia ofisini na fimbo yake na matope hadi magotini, akakataa kiti. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia kwa shida. Aliniita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama au mwanamke yeyote wanayemheshimu, na siku ile heshima yenyewe ilinichoma.

"Mayu, mimi si nimo humo ndani?" akasema, akionyesha mashine kwa fimbo. "Napelekea watu wote chanjo. Kwangu ndiyo nimeshindwa kujipelekea?"

Mitamba yake ilikuwa inakufa. Ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mahari ya mtoto wake wa mwisho, na watu wa upande wa bibi harusi walikwishaanza kuuliza. Deo akawaita Kasokola kwa redio mbele yake. Kasokola wakajibu hawajaona agizo lolote la Mwamkulu. Ndipo mzee akatuambia jambo ambalo sisi wa mjini hatukulijua. Opereta wa Mwamkulu, Kulwa wetu, alikuwa mke wa mwanawe mkubwa. Majirani walikuwa wanamwambia kwamba mkwe wake ameacha makusudi kuagiza, kwa wivu wa mahari ya shemeji yake. Yeye hakutaka kuamini, ila ng'ombe walikuwa wanakufa. Kama hakuagiza, akasema, mwanangu atamrudisha kwao kabla mwezi haujaisha.

Sikupenda alivyolisema, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria njia nzima. Deo akasema redioni, "Mwamkulu, umeagiza chanjo?" Sauti ya Kulwa ikaja ndogo sana: "Nimeagiza. Ova." Akaulizwa ameagiza kwa nani. Redio ikakaa kimya mpaka nikadhani betri imekufa. Halafu akasema, "Kwa yule." Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Deo alisikia neno la kivivu asiizime redio. Alinitazama tu, akanitupia ufunguo wa pikipiki.

Njia ya Mwamkulu ilikuwa mbovu, na sitawachosha nayo. Niliiangusha ile pikipiki, ikaniangusha, tukasameheana. Nilimkuta Kulwa kwenye kibanda cha redio, macho mekundu. Sikumgombeza. Nilivuta kigoda nikamwambia aagize tena, nione. Akaandika haraka na vizuri: aina ya chanjo, idadi ya mifugo, jina la kijiji. Akafika penye jina la mashine. Vidole vikasimama juu ya herufi. Kisha akaandika "Mkubwa wa Kasokola", akabonyeza. Redio ikalia, ikanyamaza, na kompyuta ikamwambia ujumbe umetumwa.

Umetumwa kweli. Ulikwenda Mengineyo, kwenye kile kikapu ambacho sisi tulikuwa tumekisahau. Nikamwuliza kwa nini haandiki Maduhu. Alipolisikia lile jina likitoka mdomoni mwangu aliinamisha uso hadi magotini.

"Dada, yule ni baba mkwe wangu," akasema. "Nitamwandikaje?"

Ndipo nikaelewa. Kwao mke halitaji jina la baba mkwe wake. Hamwiti kwa jina hata akiwa mbali, na Kulwa alikuwa ameona kwamba kuandika nako ni kutaja, tena kutaja kwa namna inayobaki. Sisi tuliochagua majina tulikuwa wa makabila matano chumbani, wote na wakwe zetu, na hakuna aliyewaza kwamba mashine yenye jina la mtu ni mashine ambayo kuna mwingine hawezi kuiita. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akaniambia angesema vipi? Kueleza angelazimika kulitaja. Halafu aliogopa tutaamua kwamba mwanamke aliyeolewa hafai kwenye mashine. Kwa hiyo akajaribu Mkubwa, akajaribu Mheshimiwa, akajaribu Mwenye Chanjo, na kila mara kompyuta ikamjibu kwa adabu kwamba ujumbe umetumwa.

Nililiandika jina kwa mkono wangu, nikabonyeza. Friji la Kasokola lilifunguliwa siku hiyohiyo, na chanjo ikaja kwenye sanduku la barafu nyuma ya baiskeli ya mtu aliyeendesha kama anafukuzwa. Mabwana mifugo walichoma sindano zizi zima la Mzee Maduhu. Mitamba mingi ilipona. Mingine haikupona, na mahari ya yule kijana ikapungua kiasi cha kumwaibisha. Kwa hiyo kesi ya Kulwa ilibaki palepale. Alikuwa amefunga nguo zake kwenye kanga, zimekaa mlangoni, anamsubiri mumewe arudi kutoka malishoni ampeleke kwao.

Nilitaka nimweleze mzee mara moja. Kulwa akanikataza, akisema si adabu mambo yake na mkwe wake yasemwe na mtu wa nje. Nikamwambia mimi adabu yangu iliishia kwenye dimbwi nililoangukia njiani. Sikuwa na ujasiri ninaojisifia hapa, lakini hasira nilikuwa nayo, tena ya kutosha. Nilikuwa na hasira na kikao chetu, na yale makofi, na mbuzi tuliyemla.

Nilimkuta Mzee Maduhu zizini. Nikamweleza yote, kuanzia jina hadi kikapu. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono wake juu ya mgongo wa mtamba mmoja uliokuwa umepona.

"Hata kwa kuandika?" akauliza.

"Hata kwa kuandika, mzee."

"Na mimi nikiwa sipo?"

"Na wewe ukiwa hupo. Na ng'ombe wako wakiwa wanakufa."

Aliuondoa mkono wake mgongoni mwa mtamba. Halafu akaingia nyumbani, akatoka, akaniambia nikamwambie mkwe wake afungue ule mzigo wake. Hakumwambia mwenyewe, maana kwao hayo nayo hayafanywi ana kwa ana. Kwetu sisi wa ofisini alikuwa na neno jingine moja: "Nitoeni humo ndani."

Tulimtoa. Kikao cha pili kilikuwa kifupi na hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wetu alitaka kujua nani alaumiwe, Deo akamwambia aandike majina yetu wote kwa mpangilio wa alfabeti. Kisha Deo, aliyeleta hoja ya kwanza, akasimama na hoja ya pili: mashine iitwe kwa kazi inayoifanya, na kabla jina halijapita, kila opereta alitamke kwa sauti mbele ya wenzake. Asiyeweza, au asiyetaka, haulizwi sababu. Jina linatupwa. Bibi Tatu akawa Mpokeaji, na chai ikarudi kulipiwa. Pius akawa Mpitishaji, naye katekista akatushukuru kwa kumrudishia uzima. Mhandisi tukampigia tena. Alisikiliza habari yote, akasema kikapu cha Mengineyo atakibadilisha ili ujumbe usiojulikana umrudie aliyeutuma. Alifanya hivyo, na mpaka leo mifumo yenu inafanya hivyo, mkidhani ni akili ya kisasa.

Kulwa alikuwapo kwenye kikao kile. Ilipofika zamu yake alitamka majina yote, na tulipofika kwenye la Kasokola sote tulimtazama, jambo ambalo halikuwa la adabu. Alilitamka. Lakini ofisini mtu anaweza kusema lolote. Mimi nilitaka kumsikia kazini.

Nilimsikia mvua zilipokatika, nilipokwenda Mwamkulu kukaza mlingoti. Nilikuwa juu ya ngazi. Mzee Maduhu alikuwa amekuja kuomba chanjo ya ndama wapya, na kama kawaida hakuingia kibandani kwa sababu mkwe wake yumo. Alisimama nje, mgongo wake ukiuelekea mlango, akaniambia mimi idadi, nami nikaitupa ndani kupitia dirisha. Kulwa akaandika. Akabonyeza. Kisha, ili Kasokola waliangalie agizo mapema, akachukua kipaza sauti.

"Mgawaji, Mgawaji, hapa Mwamkulu," akasema. "Nina agizo la zizi la baba. Ova."

Kasokola wakamjibu hawasikii vizuri, arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kila neno peke yake. Mzee hakugeuka. Alivua kofia, akasimama hivyohivyo hadi mkwe wake alipomaliza kumwagizia.